Chui wa Ng'ambo ya Kijito

Kuna miavuli ile ya kubonyeza, ambayo ukigusa kitufe inafunguka yenyewe: pwaa! Masika yakianza hapa Tanga, mlio huo unausikia kila kona, dukani, msikitini, kwenye kibaraza cha ofisi yetu. Mimi nikiusikia mabega hunipanda hadi masikioni, na mkono wangu hupapasa pembeni kumtafuta mtoto wa kumshika, hata kama hapo nilipo hakuna mtoto. Wenzangu kazini wameshanizoea. "Saumu na miavuli yake," husema, wakacheka, nami hucheka nao. Ni habari ndefu, na ofisini watu wana haraka. Ninyi mmekaa, basi sikilizeni.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Guangzhou. Baba alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusomea mambo ya udongo katika chuo kikuu cha huko, nasi tukamfuata baadaye: mimi, Mama, na mdogo wangu Hamadi, aliyekuwa bado hajaacha ziwa tulipopanda ndege. Tulikaa ghorofa ya juu katika jengo la zamani upande wa Haizhu. Kutoka dirishani niliona winchi za ujenzi zilizosimama kama korongo, na kila nikirudi kutoka shule niliona jengo jipya mahali palipokuwa na anga. Mji mzima ulinuka saruji mbichi na mafuta ya kukaangia.

Mama hakuwa mtu wa kukaa nyumbani kumsubiri mume atoke darasani. Haukupita muda akaijua Zhongda, lile soko la vitambaa, kama mtu anavyolijua jiko lake. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja wakija kununua, yeye ndiye aliyewapeleka, akipapasa vitambaa, akimwita kila muuzaji laoban, yaani bosi, na kuambiwa mei you, hakuna, kisha akageuka kuondoka hadi laoban amkimbilie na kumwambia kipo. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, tena kimevaa sauti ya Lushoto alikozaliwa. Na lugha ile, lazima niwaambie, ni ya kuimba. Neno moja ukilipandisha ni kitu hiki, ukilishusha ni kitu kingine kabisa. Mimi niliyanyonya hayo shuleni bila kufundishwa. Nilipojaribu kumsahihisha Mama, alinijibu kwamba yeye hakuja China kujiunga na kwaya.

Baba alikuwa na mwenzake wa maabara, kijana mmoja mpole mwenye miwani, ambaye sisi watoto tulimwita Liang shushu, yaani baba mdogo Liang. Likizo ya kiangazi ilipofika alitualika kwao, kijijini, kwenye milima ya kaskazini ya Zengcheng. Tulipanda basi asubuhi. Tulipita Xintang, kwenye karakana za jinzi, nguo zikining'inia kwenye kila roshani na maji ya mfereji yakiwa rangi ya suruali. Baada ya hapo viwanda vikaanza kupungua, yakaja mashamba ya mlaichi, miti ya yale matunda yao ya ganda jekundu, kisha milima ya kijani iliyofunikwa na ukungu. Mama aliinua pazia la dirisha akavuta pumzi. "Kama nyumbani," alisema. Sikumsikia tena akisema hivyo kuhusu mahali popote pale China.

Mama yake Liang tuliambiwa tumwite Popo, bibi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa, na hakujua neno hata moja la Kichina tulichosoma sisi. Yeye alizungumza Kikantoni cha kwao, basi. Lakini alikuwa ameshaelezwa kwamba wageni hawali nguruwe. Alinishika mkono akanipeleka jikoni kunionyesha sufuria mpya ya mvuke ambayo haijaguswa na kitu. Liang alitutafsiria: jioni tukirudi kutoka matembezini, bibi atakuwa ametuandalia baozi, yale maandazi yao ya mvuke, yenye maharage na sukari ndani. Hamadi aliruka ruka akiimba, "Baozi! Baozi!" Popo alicheka hadi akajifuta macho.

Matembezi yenyewe yalikuwa ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Liang alikuwa aje nasi, lakini majirani walimhitaji kwenye shughuli ya paa lililovuja, na njia, alisema, ni moja tu, inafuata kijito, hata mtoto hawezi kupotea. Tukaenda wenyewe. Mama alibeba ule mfuko wa mistari tunaouita shangazi kaja, ndani yake hotpoti la wali na kuku, chupa ya chai, kanga mbili, na miavuli miwili mipya aliyoinunua kwa ajili ya safari, kwa kuwa mvua ya kule haina adabu, hunyesha bila kubisha hodi.

Tulikula juu, penye maji, na Baba akatueleza habari za udongo mwekundu hadi Mama akamwomba aupumzishe. Tuliporudi, tukiwa tumeshashuka kidogo tu, mahali kijito kinapopita kati ya mianzi na majabali, Baba aliteleza. Alikuwa amekanyaga jiwe lenye ukoga. Sikumwona akianguka. Nilisikia mlio, kama mwanzi mkavu uliokanyagwa, na nilipogeuka alikuwa amekaa ndani ya maji, mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Mama hakupiga kelele. Alimkokota hadi chini ya jabali kubwa lililokuwa na kama ubavu wa ndani, mahali penye pango dogo lisilofika popote, akavunja mianzi, akaufunga mguu kwa kanga. Baba aliuma ukosi wa shati lake. Damu ilipenya kwenye maua ya kanga, nami nikawa nayatazama maua yale yanavyobadilika rangi kwa sababu sikutaka kutazama uso wake.

"Nashuka kumwita Liang," Mama alisema. Alikuwa ameshamfunga Hamadi mgongoni kwa mtandio wake. "Saumu, kaa na baba yako. Mpe maji. Narudi sasa hivi."

Hapo ndipo Hamadi, kidevu chake kikiwa juu ya bega la Mama, alipoonyesha kidole ng'ambo ya kijito na kusema kwa furaha, "Paka."

Mama aligeuka taratibu mno. Nami nikatazama. Sikuona kitu ila mianzi na vivuli. Kisha kivuli kimoja kikapepesa macho.

Alikuwa amelala juu ya mkono wake wa mbele kama paka anayeota moto, ng'ambo tu ya maji, karibu kiasi kwamba niliona ndevu zake. Ngozi ilikuwa ya madoadoa, chafu, imelegea mbavuni. Kitu pekee kilichokuwa kikicheza ni ncha ya mkia.

"Chui," alisema Mama.

"Mkoa huu hauna chui tena," alisema Baba kutoka chini, akihema. "Wamekwisha zamani."

"Basi huyu hajaambiwa."

Mama alikulia pembezoni mwa msitu, kwenye nyumba ambayo mbwa walilala ndani kwa sababu waliolala barazani walichukuliwa. Nyumbani kwetu Guangzhou alikuwa akitusimulia hayo kama hadithi za kutufanya tulale, na sisi tulilala kweli. Sasa sauti yake ilishuka, ikawa nzito na tulivu, kama anayesoma dua.

"Saumu. Usikimbie. Ukikimbia umemwambia kuwa wewe ni mbuzi. Usiiname. Usimpe mgongo. Rudi nyuma hapa kwangu, taratibu, huku unamwangalia. Hivyo hivyo. Njoo."

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Nakumbuka hilo kuliko yote: kwamba miguu ilikuwa na akili yake, ikitaka kunikokota kushuka ile njia hadi kwa Popo na sufuria yake. Mama alininyakua kwenye ukosi wa gauni na kunivuta hadi nikahisi tumbo lake likipiga mgongoni kwangu. Alikuwa akitetemeka, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alimwambia yule mnyama, kwa Kiswahili safi, aende zake, kwamba hapa hapana chake. Akachomoa kanga ya pili mfukoni akaitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa kama mabawa. Chui alisimama. Akatutazama. Akahama hatua chache upande wa chini, akalala tena. Alikuwa amelala njiani, pale njia inapovukia ng'ambo.

Sasa mtaona jinsi mambo yalivyotufika shingoni. Njia ya kushuka ilikuwa ile ile moja. Mama angeweza kujaribu kupenya na sisi kwa kuzunguka mianzini, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, mgongo wake wote ukiwa wazi kwa chui. Au angeweza kubaki, na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba tumekwama. Baba aliyaona hayo kabla yetu.

"Mama Saumu, wachukue watoto mpande juu, mzunguke. Niacheni."

"Nikuache umelala chini kama mzoga?"

"Atakuja kwangu. Nyie mtapata nafasi."

"Baba Saumu," Mama alisema bila kuondoa macho kwa chui, "nimekufuata kwa ndege mpaka huku na watoto wawili. Sasa nyamaza nifikiri."

  Mimi nilikuwa namshika Baba mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi, pamoja na joto lote lile la kiangazi.

Simu ya Mama ilikuwa na chaji kidogo, na chini ya jabali haikushika kitu. Mama alikwea juu ya jabali lile lile, kinyumenyume, Hamadi mgongoni, akawa amesimama juu yetu kama mnara, simu ameiinua angani. Nikasikia ikilia ule mlio wa kuita. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Saumu!" aliniita. "Chui anaitwaje kwa Kichina chao?"

Nilimwambia. Neno lenyewe ni baozi. Lakini lile la chui unalidondosha kama jiwe, na lile la maandazi unalinyoosha juu kama uzi. Mama hakuwa na wakati wa kuimba.

"Liang! Liang! Baozi! Kuai lai, baozi!" Njoo haraka, baozi. Alilisema la maandazi. Nililisikia likipaa angani kutoka mdomoni mwake, nami nikapiga kelele, "Mama, siyo hivyo! Lishushe!" Lakini alikuwa akipiga kelele kunishinda, akilia sasa, "Baozi! Baozi!" Na kutoka kwenye simu, ndogo lakini dhahiri, nikamsikia Liang shushu akicheka kwa upole, akisema bado hayajaiva, bado, tusubiri kidogo. Kisha simu ikalia ti-ti, ikazimika.

Mama aliitazama. Aliibonyeza, akaibonyeza tena. Akashuka.

"Amesemaje?" akaniuliza.

"Mama," nikasema, "umemwambia maandazi. Amesema hayajaiva."

Mama alicheka. Wallahi alicheka, kicheko kirefu kilichogonga majabali na kurudi, na Baba naye akacheka hadi maumivu yakamkata. Kisha kile kicheko cha Mama kikageuka katikati, kama maziwa yanavyokatika, akakaa chini akajifunika uso kwa simu. Sijapata kuona mtu mzima akikata tamaa namna ile, mbele ya macho yangu, kwa muda mfupi kama huo. Ilikuwa kama kutazama taa ikizimwa ndani ya nyumba ya mtu unayempenda.

Na alipokaa chini, chui aliinuka.

Alivuka maji bila kutoa sauti, tumbo likigusa mawe. Baba ndiye aliyemwona. "Simama!" alimpigia Mama kelele. "Simama, mke wangu, simama!" Mama aliinuka, na cha kwanza mkono wake ulichokigusa kwenye mfuko kilikuwa mwavuli. Chui alikuja, si kwa kuruka kama wasemavyo watu, bali kwa kukimbia chini chini, haraka, kama maji yanayomwagika kukuelekea. Mama aliunyoosha mwavuli usoni kwake na kubonyeza.

Pwaa!

Ulikuwa mwavuli wa rangi ya machungwa. Ulifunguka ukawa mkubwa kuliko sisi sote. Nilisikia makucha yakikwangua jiwe, nikasikia mkoromo, na harufu ikatufikia, ya nyama iliyooza na manyoya mabichi. Mwavuli ulipasuka upande mmoja. Mama alipiga ukelele ambao haukuwa lugha yoyote, akausukuma mbele, na mimi, sijui nani aliniambia, nikabonyeza wa pili. Chui alirudi nyuma. Alivuka maji, akaketi ng'ambo, akaanza kulamba mguu wake kama mtu aliyeaibika anayejifanya ana shughuli nyingine.

Kuanzia hapo hakuna aliyeketi. Mama alinipa kifuniko cha hotpoti na kijiko, nipige. Baba aliambiwa aimbe, akaimba wimbo wa mchakamchaka wa shuleni kwao, sauti ikipanda na kushuka kwa maumivu. Kila chui aliponyanyuka, Mama alirusha jiwe. Hakuinama kuyaokota, aliyatoa kwenye ukingo wa jabali, kimo cha kifua, na yalipokwisha akaanza kuubomoa ukingo wenyewe kwa kucha. Alimtukana mnyama yule kwa Kishambaa, matusi ambayo Baba, aliyeoa Lushoto, aliyaelewa, kwa sababu katikati ya mateso yale alisema, "Mama Saumu, watoto!"

Mvua ikaja. Ukungu ukashuka na mvua, na ule ukungu ulikuwa mbaya kuliko yote, maana ulimfuta chui. Tulijua yuko, hatukujua yuko wapi. Tuliimba kwa ukungu. Tulipiga kifuniko kwa ukungu. Hamadi alilia hadi sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Mimi nilijikojolea, na nikashukuru kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Wakati huo Baba alianza kusinzia. Tulikuwa tumebanana ndani ya ule ubavu wa jabali, Baba kwa ndani kabisa, ameegemea jiwe, mimi na Hamadi mbele yake, Mama mlangoni na mwavuli uliochanika. Ghafla Baba akafumbua macho.

"Nitoeni hapa," alisema. "Nataka upepo."

"Upepo gani, mvua yote hii?" Mama akamwuliza.

"Kuna joto humu. Niwekeni pale mbele, pale penye uwazi. Watoto waingie ndani."

Walitazamana. Sikuelewa kwa nini walitazamana muda mrefu hivyo kwa jambo dogo.  Mama akamshika chini ya makwapa, akamkokota. Baba alipiga kelele moja iliyoingia mifupani mwangu ikakaa. Nikamchukia Mama. Nilimwambia, "Unamuumiza! Mwache!"  Alimketisha mwanzoni mwa ule mwanya, uso kwenye ukungu, mguu uliovunjika umenyooshwa nje kwenye mvua, na mkononi akampa mwavuli wa pili. Sisi akatusukuma ndani hadi migongo yetu ikabana jiwe. Baba alianza kutamka shahada, polepole. Nilidhani anasali kwa sababu Magharibi ilikuwa imekaribia.

Mlio wa kwanza nilidhani ni radi. Wa pili ulifuatana na mingine mingi, ta-ta-ta-ta-ta, na ukungu kule chini ukang'aa mwekundu. Harufu ya baruti ikapanda na upepo. Zilikuwa fataki, zile nyekundu za kamba ndefu wanazochoma mwaka mpya. Kukafuata sauti za masufuria, watu wakiita, na sauti ya Liang ikipasuka: "Saumu! Saumu!" Mahali fulani, karibu mno, karibu kuliko nilivyodhani, kitu kizito kikasukuma mianzi na kwenda zake.

Wanaume wa kijiji walitoka kwenye ukungu wakiwa na mapanga na mienge, na katikati yao, ameloa chapachapa, viatu vya mpira miguuni, Popo.  Alimtoa Hamadi kwenye ule mwanya, akamfunga mgongoni kwake mwenyewe, kisha akamshika Mama uso kwa ile mikono yake mikubwa na kumshikilia hivyo hadi Mama akaacha kutetemeka. Baba walimbeba juu ya ngazi ya mianzi, ile waliyokuwa wakipandia kwenye paa.

Liang alitusimulia baadaye, akilia kwa aibu, ingawa hakukuwa na kosa lake. Simu ilipokatika alimtafsiria mama yake: wageni wana njaa, wanataka baozi. Popo, aliyekuwa akikoleza moto, alikuwa ameisikia sauti ikitoka kwenye simu. Alimwuliza, "Kwa nini analia?" Liang akasema halii, ndivyo wanavyozungumza. Popo akauzima moto chini ya sufuria. Akasema maneno yao yeye hayajui, lakini yule mwanamke hana njaa. Akaenda uvunguni kuchukua fataki, ili popote tulipo tujue kuna watu wanakuja, akatoka, na Liang akalazimika kumkimbilia.

Mguu wa Baba ulimlaza hospitali miezi mingi, naye alimaliza masomo yake akitembea kwa fimbo. Chui hakuonekana tena. Wengine kijijini walisema alitoroka kwa tajiri mmoja aliyefuga wanyama wa kuonyesha wageni. Wengine walisema ni wa mlima, wa mwisho. Mimi naziona tu zile mbavu. Kwa hakika hakuwa na mtu wa kumlisha, na nadhani siku ile naye alikuwa amefika mwisho wake kama sisi.

Tuliporudi nyumbani habari ile ilikuwa ya kuchekesha. Baba aliisimulia harusini na misibani, jinsi Mama alivyoagiza maandazi kwa chui, na Mama alijitetea kwamba hakuja China kujiunga na kwaya, na watu walishika mbavu. Katika masimulizi hayo hakuna aliyetaja ule upepo. Nami nilikuwa nimeusahau, au niliuhesabu kuwa wazimu wa homa.

Mwaka jana nilikuwa nikivuka barabara na mwanangu wa kwanza. Lori lilikuja kwa kasi upande wa kulia, na kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimeshahama kutoka kushoto kwake kuja kulia, nimemweka upande wa pili. Lori likapita. Mtoto hakuona kitu; alikuwa akinieleza habari za katuni. Nikabaki nimesimama ukingoni mwa barabara, watu wakinipita, kwa sababu nilikuwa nimeona mguu uliofungwa kanga, umenyooshwa nje kwenye mvua.

Jumapili ile nilikwenda kwa wazee. Baba alikuwa barazani, mguu wake mbovu juu ya kiti, Mama kando yake akichambua mchele kwenye ungo. Nilikaa chini kwenye mkeka nikazunguka zunguka na maneno, mwisho nikauliza moja kwa moja.

"Baba, siku ile ya chui. Kwa nini ulitaka mama akutoe akuweke mbele?"

Mkono wa Mama ulisimama juu ya mchele.

Baba alinitazama kidogo, kama anayejaribu kukumbuka jambo la zamani lisilo na uzito. "Si nilisema," akanijibu. "Mle ndani palikuwa na joto. Nilitaka upepo."

Mama aliuweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.